Springi Nyekundu za Mkurugenzi

Yule fundi hakujua kudharau kidogo. Akidharau, alidharau mpaka kikombe kikafurika. Gereji yake ilikuwa banda la mabati nyuma ya kituo cha mafuta: shimo la kuingilia chini ya gari, jeki mbili, ukuta wa spana zilizopangwa kwa ukubwa, na benchi la wateja ambalo mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Injini hakuzigusa. Yeye alishughulika na springi, shokapu, mipira ya bushi na vile vyuma vinavyoshika matairi yasiende kila moja na njia yake. "Injini inakupeleka," alizoea kusema. "Mimi ndiye ninayeamua utafika na meno yako au bila."

Mtaa mzima ulimwita Fundi, basi, bila nyongeza. Aliwahi kuolewa, akaondoka mwenyewe. Akiulizwa sababu, alijibu kwamba mume wake alikuwa akikanyaga breki kama mtu anayeua mende, na mtu wa namna hiyo hata maneno yake ni ya ghafla ghafla. Wanadamu aliwagawa mafungu mawili: wanaoendesha gari na wanaolivaa. Wa kwanza aliwahudumia kwa heshima. Wa pili aliwahudumia pia, maana mkono mtupu haulambwi, lakini kila alipowaona wakijitazama kwenye vioo vya madirisha yao wenyewe, alisonya mpaka paka wa gereji akageuka.

Na katika hao wanaolivaa, hakuna aliyevaa kumshinda kaka yake mkubwa.

Kaka huyo aliuza vigae na masinki. Siku moja alijichapishia kadi zilizoandikwa "Mkurugenzi", ingawa kampuni nzima ilikuwa yeye, dada mmoja wa mauzo na mlinzi aliyependa kusinzia. Tangu hapo watu wakamwita hivyo hivyo, Mkurugenzi, wengi kwa mzaha. Yeye hakuusikia mzaha. Alisikia cheo. Simu ikilia alipokea kwa sauti nzito, "Ofisi ya Mkurugenzi," na akitaka muda wa kufikiri alimwambia mtu asubiri aunganishwe, kisha akajiunganisha mwenyewe.

Basi huyu Mkurugenzi akanunua gari. Refu, jeusi, viti vya ngozi, milango inayofungwa kwa sauti ya chini kama mtu aliyeshiba anayefunga mdomo. Lilikuwa limetumika, lakini lilitumiwa na watu wazito, na hilo alilisema kabla hujamuuliza. Gari lilikuwa laini. Lilipita kwenye mashimo kama halikuyaona. Ila kwenye kona lililala ubavu, na kwenye matuta lilinesa kama godoro. Mwezi wa kwanza hilo halikumsumbua. Mwezi wa pili kijana mmoja mwenye kigari cha bei ya chini akampita kwenye mzunguko wa barabara, akakata kona kama kisu, akampungia mkono. Kule kupungiwa mkono kulimkaa Mkurugenzi kooni kama mwiba wa samaki.

Asubuhi iliyofuata alikuwa gereji kwa dada yake, maboksi mawili kwenye buti.

"Mdogo wangu, nataka gari liwe la spoti. Likate kona bila kulala. Lakini nikiwa ndani nisikie kama nimekaa sebuleni kwangu."

Fundi alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa. "Inawezekana," alisema, na kweli iliwezekana. Alilizunguka gari, akaingia shimoni, akagonga hapa, akasukuma pale kwa nondo. "Mipira ya bushi imekufa, ndiyo maana linayumba. Shokapu zimechoka. Tubadilishe hizo, tuweke springi za urefu huu huu lakini ngumu kidogo, na kile chuma cha kuzuia lisilale tuweke kinene zaidi. Litakata kona, na chai yako haitamwagika."

"Bushi?" Mkurugenzi alicheka. "Bushi ni mambo ya mabasi. Mimi nimeshatafiti." Akafungua maboksi. Ndani mlikuwa na springi fupi zilizopakwa rangi nyekundu kama kucha za bibi harusi, na shokapu nne zenye vifundo juu, vya kuzungusha ili kuchagua ulaini au ugumu.

Fundi alizitambua. Zilikuwa za magari ya mashindano, ya kukimbia kwenye lami nyororo isiyo na tuta wala shimo. Shokapu zenyewe hazikuwa mbaya.

"Kaka, hizi springi ni fupi mno kwa barabara zetu."

"Sikukuomba ushauri, mdogo wangu. Nimekuomba ufunge. Utafiti nimefanya mimi, wewe ni fundi tu."

Akaenda kukaa kwenye benchi lenye tofali, akaanza kuongea kwenye simu.

Wewe ni fundi tu. Ukikaa na neno kama hilo ndani ya shimo, chini ya gari la mtu, litakula. Fundi aliingia shimoni. Alifungua, akatoa, akafunga, kila nati kwa nguvu yake, kwa sababu kazi mbovu hakuijua hata akiwa na hasira. Lakini alipofika kwenye vile vifundo vya shokapu, vya mbele na vya nyuma, alivizungusha vyote upande wa ugumu mpaka vikagoma. Si lazima. Hata springi zile fupi zingevumilika vifundo vikikaa katikati. Alivipeleka mwisho kwa makusudi, huku akisema moyoni: haya, Mkurugenzi, kula spoti yako.

Gari likashuka limeinama kama simba anayenyemelea. Mkurugenzi akalizunguka, akapiga picha, akaondoka. Kwenye tuta la kwanza, mbele ya kituo cha mafuta, tumbo la gari likakwaruza lami kwa sauti iliyowafanya watu wa pampu washike masikio. Fundi alisimama mlangoni akiwa amebetua midomo, na raha aliyoisikia ilikuwa tamu kuliko asali.

Raha hiyo ilinoga kwa wiki kadhaa. Kila habari ilimfikia. Kaka yake sasa alipita matuta kiupande upande kama kaa. Kaka yake aliacha kunywa kahawa garini. Wifi yake alipopita gereji kumsalimia alinong'ona kwamba Mkurugenzi amenunua mto wa kukalia, na usiombe kuuliza ni wa nini. "Akishuka garini anasimama kwanza kidogo," wifi alisema, "kama mtu anayekumbuka kitu. Kumbe anangoja kiuno kirudi mahali pake." Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Mkurugenzi mwenyewe, ukimuuliza gari linaendaje, alijibu, "Linashika barabara!" Kweli lilishika. Lilishika kila kokoto, likalileta hadi kwenye uti wa mgongo wake. Lakini heri afe kuliko kulalamika. Angelalamikaje wakati utafiti ulikuwa wake?

Alichosahau Fundi, katika kucheka kwake kote, ni kwamba gari lile lilikuwa na kiti cha nyuma.

Mama yao aliishi kwa Mkurugenzi. Alikuwa amefanya kazi ya udobi wa hospitali, akisimama nyuma ya pasi kubwa za mvuke tangu ujana mpaka alipostaafu, na mgongo wake ulikuwa umekwisha kulipa gharama hiyo. Kila wiki mwanawe alimpeleka kwenye zahanati ya mazoezi, ambako alinyooshwa viungo, kisha akakaa ukumbini na rafiki yake, mama mmoja aliyekuwa mpokea simu wa posta, wakasengenya nusu ya mji. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yake. Alijipaka mafuta tangu alfajiri akiingoja.

Ghafla akaacha kwenda. Wifi alikuja tena gereji, safari hii bila kicheko.

"Wifi, Mama hataki kutoka. Anasema amechoka. Wiki ya pili sasa. Amesema tumpe salamu zake yule rafiki yake, kama mtu anayeaga."

Fundi akaenda. Alimkuta mama kitandani, mchana kweupe, shuka hadi kifuani, pazia limefungwa. Mwanamke ambaye hakuwahi kulala mchana hata alipokuwa na homa.

"Shikamoo, Mama. Kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Hamna kitu. Ni mifupa tu imefika mwisho." Alisema kwa utulivu, kama anayetaja bei ya nyanya. "Zamani nilikaa garini vizuri. Siku hizi kila tukitoka, naumia kama napigwa. Nimeelewa. Mwili ukikataa hata kukaa, tena kwenye kiti cha ngozi, ujue unakuaga. Usimwambie kaka yako, atasikitika. Amejitahidi kuninunulia gari zuri."

Fundi alitaka kuiona safari hiyo kwa macho yake. Alibembeleza tu, akabembeleza, mpaka mama akakubali kwenda mara moja ya mwisho, kwa sharti kwamba binti yake akae naye nyuma.

Wakaenda. Mkurugenzi mbele, juu ya mto wake, akieleza jinsi gari linavyojibu usukani. Fundi nyuma, mkono wake kwenye bega la mama. Hawajafika hata kona ya kwanza akaelewa alichokifanya. Kila ufa wa lami ulipanda kama ngumi. Mama alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Alikuwa ameuma pindo la mtandio wake, na kwenye kila tuta alitoa pumzi fupi puani, akijizuia ili mwanawe aliyekuwa mbele asisikie. Hiyo ndiyo safari aliyokuwa akisafiri kila wiki.

"Simamisha gari," Fundi alisema.

"Hapa? Tutachelewa, mdogo..."

"Nimesema simamisha!"

Likasimama kando ya duka la magodoro. Fundi akashuka, akafungua boneti, akainama, akazungusha vifundo vya mbele. Akafungua buti, akang'oa zulia, akazungusha vya nyuma. Hakuhitaji spana wala jeki. Alitumia vidole tu. Alipoinua uso, kaka yake alikuwa amesimama karibu naye, na mama ameshusha kioo, anatazama.

"Kumbe vinazungushwa?" Mkurugenzi aliuliza.

"Ndiyo."

"Na vilikuwa wapi?"

"Mwisho wa ugumu."

"Nani aliviweka huko?"

Fundi alikuwa na jibu tayari: ulitaka spoti, ukaipata. Alikuwa amelinoa wiki zote hizo akingoja siku ya kulitoa. Sasa lilikuwa limeoza mdomoni.

"Mimi. Kwa makusudi."

Mkurugenzi angeweza kugombana, na haki angekuwa nayo. Lakini macho yake yalikwenda kwenye ule mto juu ya kiti cha dereva, na hapo sauti ya mama ikatoka dirishani.

"Kwa hiyo si mifupa yangu."

Fundi akafunga buti taratibu.

"Nimekaa wiki mbili nikiagana na dunia," mama alisema. "Nguo zangu nimeshazigawa kichwani, nani achukue ipi. Kumbe ni kifundo!" Akamgeukia mwanawe. "Na wewe. Umejiwekea mto huko mbele. Uliumia, ukajua gari linaumiza. Mwanzoni nilipolalamika mgongo ukaniambia ni umri, Mama."

"Mama, mimi nilidhani..."

"Hukudhani. Uliona haya kusema gari lako bovu, ukaona afadhali mama yako awe mbovu. Na huyu mwenzako kwa kukudharau wewe amenipiga mimi. Nimezaa watu wawili werevu, na hata mmoja hakuangalia nyuma." Akasonya, msonyo mrefu, uliokamilika, na ikajulikana mara moja Fundi aliurithi wapi wa kwake. "Nipelekeni. Rafiki yangu ananingoja."

Wakampeleka. Gari lilikuwa limelainika kiasi, si sana.

Kesho yake Mkurugenzi alileta gari gerejini bila maboksi na bila utafiti. Alikaa kwenye benchi bila kushika simu. Fundi alizing'oa zile springi nyekundu akazitupa kwenye rundo la vyuma, akaweka mipira mipya ya bushi, springi za urefu wa kwanza zenye ugumu kidogo, na kile chuma kinene. Shokapu alizibakiza, vifundo akaviweka karibu na ulaini. Kaka mtu alimshikia taa. Wala hawakuombana radhi. Fundi alipomaliza alisema tu, "Jaribu," na kaka akajaribu, akarudi na uso wa mtoto aliyepewa alichokuwa akikililia. Gari lilikata kona bila kulala, na lilipita tuta kama linalivuka kwa heshima.

Mama hakuwa mwepesi hivyo. Kwa muda alikwenda mazoezini kwa teksi ya jirani, gari kuukuu lenye mlango uliofungwa kwa kamba, na aliporudi aliisifu kwa sauti ili wasikie. Siku aliyokubali kupanda tena lile jeusi, alikaa wima kama hakimu safari nzima, mkono juu ya mpini. Walipofika alisema, "Linafaa," akashuka.

Na Mkurugenzi? Usidhani mtu hubadilika kwa sababu ya mto mmoja. Jumapili moja wageni walikuwa sebuleni kwake, wafanyabiashara wenzake, naye akawaeleza jinsi alivyoligundua mwenyewe tatizo la gari lake. "Siri ni bushi," alisema kwa ile sauti ya simu. "Watu wanakimbilia springi. Bushi, jamani! Mimi nilifanya utafiti."

Fundi alikuwa jikoni na mama yake, wakichambua mchele. Aliweka sinia chini, damu ikamchemka, akainuka na neno kwenye ncha ya ulimi.

"Kaa," mama alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye mchele. "Mwache ajivune. Mgongo wangu leo hauumi."