Jibini la Mama Mkwe na Mafigo Yangu

Mtaalamu wa lishe aliniruhusu jibini la ukubwa wa kiberiti, mara moja kwa wiki. Zaidi ya hapo, alisema, chumvi na fosforasi yake zitayalemea mafigo yangu, ambayo yamechoka kabla ya mwenyewe. Nina shahada mbili. Nilitoka kliniki nikaenda moja kwa moja sokoni kutafuta kiberiti kikubwa kuliko vyote Gisenyi.

Jumamosi hiyo mama mkwe akashuka kutoka Bugeshi na jibini zima la duara, limefungwa kwenye kitenge. Lilikuwa la maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe.

"Mukwe wangu, nilisikia walikukataza nyama. Bon, fromaji haiko nyama. Kula, upone."

Kwetu, kukataa maziwa ya mama mkwe ni kumtukana yeye, ng'ombe wake na ukoo mzima. Kumweleza sababu ni vibaya zaidi, maana mkwe mwanamume hataji mbele yake kitu chochote cha chini ya mshipi. Mke wangu, ambaye angeniokoa, alikuwa kazini mpakani, Grande Barrière. Nikasema ni tumbo.

"Tumbo? Dawa yake si ndiyo hii!"

Akanikatia kipande mfano wa tofali. Nikakila. Kilikuwa kitamu mno, nikawa tayari kuyasamehe mafigo makosa yote. Akakata kingine.

Hapo ikanijia mashine ya kusafisha damu, ile ambayo daktari alinionyesha kwa mbali, kama mtu anavyoonyeshwa gereza. Nikakodolea macho zulia.

"Mama, unisamehe. Haiko tumbo, ni mafigo. Mukojo wangu uko na protini, na fromaji inaharibu zaidi."

Nilikuwa nimetaja mkojo mbele ya mama mkwe. Nikangoja paa lianguke.

Akaweka kisu chini. "Mukojo tu?"

"Mukojo tu, Mama."

"Yesu! Mi nilifikiri ni SIDA, ukimwi yenyewe! Toka Bugeshi nakuombea njia yote. Na mutoto wangu. Zaidi mutoto wangu!"

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kiganja. Kisha akala kipande changu cha pili bila kuniuliza, akashika kisu tena, akakata kingine chembamba sana. Akakiinua dirishani, upande wa ziwa, mpaka mwanga ukapenya.

"Hiki kitakuua?"

"Hiki hapana."

"Basi kula, unaniaibisha."