Tawi la Mparachichi Wetu

Tawi la mparachichi wetu hapa Nengo lilikuwa linakaribia nyaya za umeme. Mke wangu alitaka tumwite fundi wa kukata miti. Nikamwambia fundi ni mimi. Nikapanda na msumeno, nikakata, tawi likaangukia waya, na umeme ukazimika mtaa mzima.

Nikashuka upesi. Jirani yetu Mama Aline, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alitoka akilia. "Sambaza yangu yote iko kwa frigo! Itaoza!"

Majirani walipokusanyika, mimi ndiye niliyewalaumu watu wa umeme kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Hawana huruma kabisa!" nikasema.

Mama Aline akanitazama kichwani.

"Bon, Baba Kevin. Na hii unga ya muti kwa nywele yako, ni wao wamekumwagia?"