Aliuza ng'ombe, akabaki na kisingizio

Bado ni giza. Duane Tollefson ameinama, paji la uso limegusa ubavu wa ng'ombe. Mkono mmoja unapangusa kiwele kwa kitambaa chenye dawa, mwingine umeshika mashine ya kukamulia. Anaipachika kwenye chuchu moja baada ya nyingine bila hata kuangalia. Redio iliyofungwa ukutani inataja bei ya mahindi.

Ng'ombe anageuza shingo, anamtazama kidogo, anarudi kwenye majani yake.

"Huyu ananijua," anasema Duane. "Ila si wangu."

Hilo la "si wangu" ndilo lililomwaibisha mzee huyu wa miaka sitini na minne, mkazi wa Norden Creek katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Ng'ombe ni wa jirani yake, Cody Brandl. Wake mwenyewe, hamsini na wawili, aliwauza miaka miwili iliyopita, bei ya maziwa iliposhuka hadi kila ndoo anayokamua ikawa inamtia hasara. Mji mzima ulijua. Asiyejua alikuwa mmoja tu, binti yake wa pekee, Krista, anayeishi Ureno.

Krista alikwenda huko kuendelea na masomo, akampata mwalimu mmoja wa shule aitwaye Rui, wakachumbiana. Alipompigia baba yake kumwalika harusini, jibu lilikuwa moja: "Nani atakamua?"

Kwa watu wa huku hiyo si sababu ndogo. Ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni, iwe Krismasi, iwe msiba. Hakuna anayebishana na mkulima aliyetaja ng'ombe wake. Mkewe Duane, Marlys, akaenda harusini peke yake, na mjukuu Inês alipozaliwa akaenda tena peke yake. Duane alibaki, akakamua.

Kisha ng'ombe wakauzwa.

"Lori lilipoondoka nao nilisimama uani," anasema, macho yakiwa kwenye ndoo. "Nilifikiri kitu kimoja, na naona haya kukitamka. Sikufikiria shamba la babu yangu. Nilifikiri, sasa Krista nitamwambia nini?"

Hakumwambia kitu. Wiki chache baadaye alivuka barabara, akaenda kwa Cody kuomba kazi ya kukamua, dola kumi na saba kwa saa. Hela ilihitajika, hilo halikatai. Lakini kila Jumapili alikuwa akimpigia binti yake akiwa humo humo bandani, simu ameigeuza ili ng'ombe waonekane na mlio wao usikike.

"Ananiuliza, 'Baba, Bella hajambo?' Bella wangu ameshauzwa zamani. Basi namwonyesha ng'ombe yeyote mwenye baka jeupe usoni. 'Hajambo, mwanangu, anakusalimu.'"

Anacheka kidogo, kisha uso unamwiva mpaka masikioni.

Si kwamba kwao hakuna wasafiri. Dada yake mkubwa, Lorraine, muuguzi mstaafu, ameshatembea nchi zaidi ya ishirini na hachoki. Ijumaa jioni, wakati nusu ya mji imejazana kwenye mgahawa kula samaki wa kukaanga, ndipo anapomchokoza mdogo wake mbele za watu.

"Huyu akivuka Mto Mississippi hapo mpakani tu, inabidi achanjwe," anasema, na meza nzima inaangua kicheko.

"Na wewe siku utakayolala kwako wiki mbili mfululizo, tutaita daktari," Duane anamjibu.

"Mwite mapema. Wewe hata foleni ya uwanja wa ndege huijui inaanzia wapi."

Mwandishi wa makala haya ameishi Wisconsin miaka kumi na minane, na swali la kwa nini hawa wanazunguka dunia na wale hawatoki wilayani amelisikia likijibiwa kwa kila namna: hela, likizo fupi, nchi kubwa yenye bahari pande mbili, sasa mtu atafute nini ng'ambo. Majibu hayo ni ya kweli. Ila Lorraine, mezani walipobaki wawili watatu, alishusha sauti akatoa lake.

"Watu wananisifu eti mimi jasiri. Tangu mume wangu Gordon aniache akahamia kwa yule mwanamke wa kanisani kwetu, sipendi Jumapili za hapa. Nikiwa Peru hakuna anayejua kwamba niliachwa. Ndugu yangu kajificha bandani, mimi najificha ndani ya ndege. Usiniandike kama shujaa."

Waswahili tunasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Duane ilifika mwisho mwezi Juni.

Krista alikuja bila kutoa taarifa, amemshika Inês mkono, mtoto wa miaka mitatu. Alitaka kumfurahisha baba yake. Kabla hata ya kuingia nyumbani alimpeleka mtoto moja kwa moja kwenye banda, akamwonyeshe ng'ombe wa babu. Aliwataja njia nzima kutoka uwanja wa ndege, jina kwa jina.

Bandani alikuta mbayuwayu na boti ya mtu iliyofunikwa turubai. Duane amelikodisha kwa wenye boti.

"Inês aliniuliza, 'Mama, ng'ombe wamelala wapi?'" anasimulia Krista kwa simu kutoka Ureno. "Nilifikiri pengine ni ugonjwa umewaua na baba kanificha nisilie. Nikakimbilia ndani kwa mama."

Marlys alikuwa jikoni anapika. Anasema alipomwona binti yake mlangoni alizima jiko na kukaa chini.

"Miaka miwili nilijiambia, anayedanganya ni yeye, mimi nanyamaza tu," anasema mama huyo. "Lakini kila Jumapili nilikuwa nakaa chumba cha pili nisikilize. Mimi ni mwongo kama yeye, ila sikujichosha kusema."

Alimwelekeza ng'ambo ya barabara.

Ilikuwa zamu ya jioni. Duane anakumbuka alisikia sauti ya mtoto, akainua kichwa, akamwona binti yake amesimama katikati ya banda la mtu mwingine. Cody naye alikuwepo, amesimama na chepe la samadi, hajui aondoke au abaki.

"Hakupiga kelele," anasema Duane. "Heri angepiga. Aliniuliza tu, 'Hivi hutaki kuniona mpaka ukaenda kuazima ng'ombe?'"

Duane alizima mashine, na hapo ndipo alipotoa kitu alichokuwa amekibeba miaka kumi na moja.

Ni habari ya siku Krista alipohitimu chuo kikuu huko Boston. Jioni yake walikwenda hotelini kula pamoja na walimu wake wawili. Wote waliagiza divai. Duane aliagiza glasi ya maziwa, kama anavyokunywa kwake kila jioni na kama alivyokunywa baba yake. Mhudumu akadhani ni mzaha, akacheka. Walimu nao wakatabasamu.

"Krista akamwambia mhudumu, 'Baba anatania, mletee divai.' Akaangalia sahani yake. Mimi nikanywa divai." Duane anapangusa kiwele kingine. "Sikumkasirikia, nakuapia. Nilimwonea huruma. Nikasema moyoni, mtoto huyu nisimwaibishe tena. Akikaa mbali na mimi nikakaa kwangu, hataaibika. Ndege siiogopi. Naogopa kumwona akiinamisha macho."

Je, Krista alikuwa ameshasahau? Kwenye simu anajibu mwenyewe.

"Ningekuwa nimesahau ingekuwa nafuu. Nakumbuka mpaka rangi ya kitambaa cha meza. Nilikana maziwa yaliyonisomesha. Kila mara baba alipokataa kuja nilijua kwamba si ng'ombe, ni ile jioni, lakini nilikubali sababu ya ng'ombe kwa kuwa ilinifaa. Kama angesema kweli, ningelazimika kuomba radhi."

Bandani siku ile aliiomba, huku Inês akimgusa ng'ombe mguu na Cody akimzuia asipigwe teke. Baba na binti walilia. Ng'ombe wa Cody walikamuliwa kwa kuchelewa jioni hiyo, na mwenyewe hakulalamika.

Siku ya pili Cody alimwita Duane ofisini, chumba chenye friji ya dawa na kiti kimoja.

"Nilimwambia, mzee, ninakuheshimu sana, lakini mwezi wa kumi wiki tatu nzima sikutaki hapa," anasema Cody. "Akaniuliza nani atakamua. Nikamwambia, ng'ombe ni wangu, kukamua ni shida yangu. Wewe huna ng'ombe, Duane. Mtu alipaswa kukwambia zamani."

Paspoti ya kwendea Ureno ameshaipata, ya kwanza maishani mwake. Kwenye picha amevaa shati alilozoea kuvalia harusi za watu wengine, na anaonekana amekasirika. Agosti, Lorraine alimwendesha hadi uwanja wa ndege wa Minneapolis, si kusafiri, bali amwonyeshe tu foleni inaanzia wapi. Safari hiyo hakumcheka. Walikunywa kahawa, wakarudi Duane awahi kukamua.

Alipoulizwa kwa nini amekubali habari yake iandikwe, Duane alijikuna shingo.

"Nimeufanya mji mzima uninyamazie uongo wangu. Inabidi niwatazame usoni. Lakini watu wa kwenu watakaosoma haya hawanijui, basi nianze kuona haya kwa mbali. Nikizoea nitaona haya karibu."

Kisha akauliza swali lake: mwandishi alipofika Wisconsin mara ya kwanza, alijua kuagiza chakula? Aliambiwa kwamba mwezi mzima mgeni huyo alikula supu ya kuku, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na picha kwenye orodha ya chakula. Duane alicheka mpaka akajifuta macho.

Anamalizia ng'ombe wa mwisho. Nje kumepambazuka. Huko Ureno ndugu zake Rui wameshapanga chakula cha kumkaribisha, watu kama ishirini, na divai wanaitengeneza wenyewe.

"Krista ameniambia nisihangaike kujifunza neno la maziwa kwa lugha yao," anasema, akivua mashine taratibu. "Amesema atayaagiza yeye kwanza. Yake na yangu."