Risasi Yangu Iliyokohoa

Kuna aibu za kuficha, na kuna aibu zilizoonwa na klabu nzima pamoja na mama yako mzazi, na hizi za pili ukizificha unachekwa mara mbili, kwa hiyo bora niwahadithie mwenyewe kabla hamjaipata hadithi kwa Zuwena, mwenzangu wa klabu ya shabaha, maana Zuwena akihadithia hutia na chumvi yake.

Mnajua mimi ni mtu wa bima. Ofisi yetu iko Ruwi, hapa Maskati, na kazi yangu kutwa ni kufikiria mabaya yatakayowafika watu (nyumba kuungua, gari kupinduka, wadi, yale mabonde makavu, kujaa mafuriko), sasa mtu kama huyo kumkuta analenga shabaha kwa bastola ni kichekesho. Lakini tangu siku nilipoishika ile bastola ya klabu na kutoboa karatasi katikati, sikuwa na akili nyingine, ofisini natia saini huku nimefumba jicho moja. Basi likaja tangazo kwamba timu ya wanawake ina nafasi moja, itashindaniwa Jumamosi, na mimi ndiyo kwanza nimeruhusiwa kujaza risasi zangu mwenyewe kwenye karakana ya klabu. Furaha juu ya furaha. Nikaamua nafasi ile nitaitafuta kwa risasi za mkono wangu.

Kwa msiojua, unachukua ganda lililokwisha kutumika, unalitia fataki mpya ya kuwashia, kisha baruti uliyoipima kwenye mizani, kisha unalifunga kwa kichwa cha risasi. Kiasi cha baruti hujitungii. Kuna kitabu, na kila aina ya baruti na kila aina ya kichwa ina kiwango chake cha kuanzia na kiwango cha mwisho. Mwalimu Khalfan, mwanajeshi mstaafu anayetufundisha, alisimama na mimi mpaka nikapata ukurasa wenyewe hasa, akaweka kidole kwenye kiwango cha kuanzia.

"Hapa. Hupandi, hushuki. Na usiwasikilize watu."

Nikamwambia nimefahamu, na wallahi nilifahamu. Kosa langu ni kwamba Ijumaa, kabla ya kwenda kujaza, nilipita kwetu Al Hail kula chakula cha mchana, na kwa ile raha niliyokuwa nayo nikashindwa kunyamaza, nikawaeleza kila kitu juu ya sinia la biriani.

Ami Seif, ndugu yake baba, ambaye aliwahi kuwinda zamani na hajaacha kutukumbusha, akatikisa kichwa. "Baruti haina rafiki, mwanangu. Punguza kidogo."

Baba akasema aliyeandika kile kitabu hanijui mimi, mkono wangu mwepesi, basi nipunguze kidogo. Na mama (mama, ambaye bunduki ameiona harusini tu) akasema, "Punguza. Joto la Maskati hili litaongeza lenyewe."

Sasa niambieni, nyinyi mngefanyaje? Kwetu mkubwa akikupa shauri unasema inshallah, na ukishasema inshallah unaona haya kulitupa. Na kichwa changu cha bima nacho kikanongʼoneza kwamba kidogo ni salama kuliko kingi, mtu hafi kwa kupunguza. Jioni mwalimu alipokwenda kuswali Alasiri, nikaikaribia mizani, nikapunguza kidogo cha ami, nikapunguza kidogo cha baba, na kwa kuwa mama ni mama, nikampunguzia yeye zaidi. Kitabu kilikuwa kimeandika wazi kwamba usishuke chini ya kiwango cha kuanzia. Nikajiambia hayo yameandikiwa watu wasio na adabu.

Jumamosi familia ikaja nzima, na chupa ya kahawa, na halua. Mama akakaa mstari wa mbele kama yuko kwa biharusi. Zuwena akapiga zake (za dukani), safi kabisa. Nikaitwa, nikavaa miwani na viziba masikio, nikalenga, moyo unadunda kwa furaha, nikavuta.

Pu.

Sikusema "pa", nimesema "pu". Mkono haukurushwa, karatasi haikutoboka, na sauti ya mama ikanifikia na viziba masikio vyangu vyote: "Mbona ya kwake imekohoa?"

Watu wakacheka, nami nikaona haya mpaka masikio yakawaka, na haya ndiyo yaliyotaka kunimaliza, kwani badala ya kusimama na kujiuliza, niliitia bastola risasi ya pili kwa mkono, haraka, ili nikifute kile kicheko, na kidole kikaenda kwenye kifyatulio.

"Acha. Kidole nje." Mwalimu Khalfan alikuwa keshafika ubavuni kwangu.

Akaichukua bastola, akaitoa risasi, akapitisha kijiti cha shaba ndani ya mtutu. Kijiti kikaingia nusu, kikagota. Kichwa cha risasi yangu ya kwanza kilikuwa kimekwama mle ndani, baruti haikuwa na nguvu ya kukitoa.

"Ungeivuta ya pili," akasema, "mtutu ungekupasukia mkononi." Kicheko kikakatika. Mama akaiweka chini kahawa yake, na mimi nikatazama vidole vyangu nikahisi baridi, katika joto lile. "Umetia kiasi gani?"

"Nilipunguza kidogo."

"Kidogo cha nani?"

"Cha ami. Na cha baba. Na cha mama."

Alinikalisha mezani mbele ya wote nikazivunja risasi zangu moja moja kwa ile nyundo ya plastiki ya kuchomolea vichwa, ko, ko, ko, huku Zuwena, aliyeipata nafasi, akipongezwa kwa kulishwa halua yetu. Nilipomaliza, mwalimu akaja akaniambia taratibu, "Kulenga unajua. Msimu ujao nafasi itakuwepo tena, lakini siwezi kumpa mtu asiyeweza kusema hapana."

Nimekula kiapo, mizani yangu haipimi kiasi ambacho kitabu hakikusema, si juu, si chini. Kiapo ni rahisi ukiwa peke yako. Ijumaa iliyofuata tumezunguka sinia, ami Seif akakohoa kidogo, akasema, "Nimelifikiria lile jambo. Baruti ilikuwa chache mno. Safari hii ongeza kidogo."

Baba akaitikia kwa kichwa. Moyo ukanienda mbio kuliko Jumamosi ile.

"Ami," nikasema, "nakuheshimu sana. Hapana."

Ami alinitazama kama aliyepigwa kibao, baba akainama, mimi nikasubiri kufukuzwa. Kisha mama akanyoosha mkono, akaondoa nyama nono kabisa mbele ya ami, na akaiweka upande wangu.