Chokaa kwenye Msitu wa Daphrose

Kazi iliyomlisha Daphrose wakati wa vita ilikuwa kuacha miti isimame. Usicheke. Sisi ndio tuliomlipa, na katika maisha yangu ya kununua na kuuza sijalipia kitu kilichonitoa jasho baridi kama kile.

Alikuwa mjane wa kilima cha juu ya Gasenyi, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka wa watu waliozoea kushuka sokoni na mkungu wa ndizi kichwani. Mume wake alikufa kwa ugonjwa kabla vita havijaanza. Alimwachia binti mmoja, Prudence, aliyeolewa mjini, mtaa wa Nyakabiga, na mteremko wenye mikuyu ya zamani. Chini ya mikuyu hiyo ndipo ilipotoka chemchemi ya mfereji wetu, sisi wakulima wa mboga wa bondeni.

Vikwazo vya nchi jirani vilipoubana mji, chumvi ilitafutwa kama dawa, na makaa yalipanda bei hadi kila mwenye mti akawa tajiri wa wiki moja. Herménégilde, shemeji yake Daphrose, alikata mteremko wake wote. Mvua ya kwanza iliposhuka, udongo wa Herménégilde ukaja kulala juu ya vitunguu vyangu. Nikaona mambo yanakoelekea. Mikuyu ya Daphrose ikianguka, mimi narudi kwetu mjini, Buyenzi, mikono mitupu. Nikapanda kilimani kupatana.

"Mama Prudence, watu wa makaa wanakupa nini?"

"Wananipa mara moja, kisha nabaki na visiki. We unanipa nini, Baba Houda?"

"Chumvi, mawese, sabuni. Kila masika yakiisha na maji yameshuka safi, unapata. Yakishuka tope, apana kitu."

"Na tope likiwa la Herménégilde?"

"Tutalifuata mpaka linakotoka. Kama si kwako, unalipwa."

Akafikiri. "Ongeza kitenge."

"Kitenge cha nini tena?"

"Unataka mulinzi wa miti avae majani?"

Nikaongeza kitenge. Tulifunga maneno mbele ya bashingantahe wawili, wazee wanaoamua mambo ya kilima, kwa mtungi wa bia ya ndizi. Mimi ni Mwislamu. Mrija uliponifikia nilimpa mmoja wao, Télesphore, anyonye kwa niaba yangu. Akanyonya sehemu yake na yangu, akafuta mdomo, akasema hajawahi kuona mkataba mtamu namna hii.

Herménégilde alimcheka kilima kizima kikisikia. "Shemeji, siku hizi unalipwa kwa kukaa? Mi nikae wapi nilipwe?"

"Kaa kwenye visiki vyako," akamjibu.

Kosa lilitoka mjini. Kila alipokwenda kwa Prudence, Daphrose alipita kwenye barabara zenye miti iliyopakwa chokaa kiunoni, akaona hata mtu aliyekosa kuni za kupikia haigusi. Kwake maana ilikuwa moja tu: mti mweupe una mwenyewe. Akaomba debe la chokaa liingizwe kwenye malipo yake. Akapaka mikuyu yote ya ukingoni, upande wa njia, ili wachoma makaa waone kwa mbali kwamba miti ile imekwisha kulipiwa.

Mjini kila mtu angemwelewa. Kilimani, miaka ile, wanajeshi walikuwa wakifyeka vichaka vya kando ya njia ili waasi wasipate pa kujificha. Mstari mweupe unaoonekana kutoka bondeni haukuwa mti wenye mwenyewe. Ulikuwa alama, na alama lazima iwe inamwita mtu.

Nilikuwa namwagilia lengalenga waliposhuka naye. Mbele alikuwa ajida, mkuu wa kituo cha wanajeshi cha pale Gasenyi, mtu mfupi mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, pamoja na askari wawili. Daphrose alikuwa katikati yao bila viatu. Mikono yake ilikuwa kichwani.

"We Muswahili!" ajida akaniita. "Huyu bibi anasema chokaa ni yako."

"Ni yake, shefu. Mi nilileta tu."

"Munaitana nani nayo?"

"Apana mutu, shefu," Daphrose akasema. "Ni miti imelipiwa. Kama ya mujini."

"Imelipiwa ifanye nini?"

"Isimame."

Askari wawili wakaangua kicheko. Ajida hakucheka. "Mi niko kwenye hii vita tangu ianze. Sijaona mutu analipa muti usimame. Leo naleta mashoka, naangusha yote. Na nikikuta mutu mumoja ndani, bibi, utalala pale pale pamoja naye."

"Ndani hakuna mutu."

"Unajua?"

Alitazama juu kwenye mikuyu. Nani angejua? Msitu una pande nne, na yeye ana macho mawili. Lakini ukishasema neno kama lile, huwezi kurudi nyuma.

"Najua," akasema.

"Vizuri. Basi twende. We mbele, Muswahili nyuma yako. Kama kuna mutu, atakupiga we kwanza. Kama wametega bomu, utakanyaga we kwanza. Tukitokea upande wa pili bila kitu, ndiyo tutaongea habari ya miti."

Nimepatana na wachuuzi wa bandarini na wezi wa mizani, na kila mara nilijua pa kushika. Pale sikuwa na pa kushika. Daphrose aliomba kitu kimoja tu, achukue debe lake lililokuwa kwenye ukingo wa msitu, ili ajida aone mwenyewe kuwa chokaa ni chokaa. Lilikuwa na unga mkavu nusu. Akalikumbatia kifuani, akaingia.

Nje jua lilikuwa kali. Ndani ya mikuyu palikuwa na giza la nyumba iliyofungwa madirisha. Alitembea polepole, akihisi ardhi kwa kidole kabla ya kuweka uzito. Nami nilikanyaga pale pale alipoinua mguu, si kando hata kidogo. Nilianza Ayatul Kursi nikaisahau katikati, mimi niliyeijua tangu chuo cha Kurani. Yeye nilimsikia akinong'ona Salamu Maria, na sauti yake ilikatika kila majani yalipolia. Njiwa akaruka. Nyuma yangu nikasikia bunduki ikikokiwa.

"Endelea!" ajida akasema.

Tulipofika kwenye mkuyu mkubwa wenye mizizi iliyoinuka kama kuta, Daphrose alianguka. Alianguka kifudifudi, debe likamtangulia, na chokaa ikapanda hewani kama moshi. Askari wakalala chini. Ajida akawa anakohoa na kutukana kwa Kirundi.

"Bibi, umelewa?"

"Mzizi, shefu."

"Simama!"

Hakusimama. Alibaki amepiga magoti akiutandaza ule unga kwa viganja viwili na kuukusanya tena, kama mama aliyemwaga unga wa ugali siku ya mwisho wa mwezi.

"Wacha hiyo!"

"Chokaa ni mali, shefu."

Askari mmoja akashindwa kujizuia, akacheka. Ajida alitazama buti zake zilizogeuka nyeupe, akalipiga debe teke likabingirika. "Mali yako iko hapo, utarudi kuifagia. Tembea."

Tukatembea. Tulipotokea upande wa pili kwenye jua, sikuwa na nguvu hata ya kumshukuru Mungu. Ajida alisimama juu ya chemchemi akitazama nyuma, na nikaona bado ana mashoka kichwani. Hapo ndipo ulimi wangu uliporudi.

"Shefu, kituo chenu kinachota mfereji huu huu. Miti ikianguka mutakunywa kama maji ya Herménégilde."

"Ya Herménégilde yakoje?"

Nikamwonyesha kijito cha mteremko wa pili, kahawia, kizito kama uji wa mtama. Akatema mate. Akageuka kutazama mfereji wetu. "Chokaa itoke leo. Vichaka vya kando ya njia vitoke leo. Miti ibaki mpaka nitakaposema vingine. Na siku nikisema, musinipikie maneno."

Walipoondoka, Daphrose alikaa kwenye mfereji akatumbukiza mikono majini. Ndipo nilipoviona viganja. Vilikuwa vimevimba malengelenge, na mahali pamoja ngozi ilikuwa imetoka.

"Chokaa ndiyo imekuunguza hivyo?"

"Chokaa gani, Baba Houda." Hakuinua kichwa. "Moto, pale nilipoanguka nikaufunika. Walikuwa wamechoma viazi. Maganda yalikuwa bado mabichi."

Nilitazama juu kwenye miti. Sikutaka, lakini shingo iligeuka yenyewe.

"Walikuwa wangapi?"

"Unataka kujua ili iweje? We uliona kitu?"

"Sikuona."

"Vizuri. Endelea hivyo hivyo."

Mchana ule tulisugua mikuyu kwa majani makavu na maji, mimi nikisugua, yeye akimwaga kwa kopo alilolibana kati ya vifundo vya mikono. Migongo yetu ilielekea msituni. Waliokuwa ndani walitusikia asubuhi tukipita, wakatuacha tupite. Kwa nini, sijui, na mtu anayekuacha upite leo hajakuahidi kesho. Kila tawi lilipovunjika tuliacha kusugua, tukasubiri, tukaendelea. Hakuna aliyesema tukimbie. Kazi ikibaki nusu, ajida angerudi.

Mti wa mwisho ulipokuwa mweusi tena, alifungua mapatano upya, pale pale, mikono imefungwa kwa kipande cha kile kitenge.

"Usilete tena vitu kwangu. Chumvi ikikaa ndani ya nyumba yangu, wale wa msituni watakuja kuila, kisha hawa wa kituo watakuja kuuliza nimempa nani."

"Nikuwekee kwangu?"

"Niwekee. Nitashuka kuchukua kidogo kidogo, ya kufunga kwenye ncha ya nguo. Mutu akinipekua akute chumvi ya mujane."

"Na nini tena?"

"Dawa ya hii mikono. Na mapatano ni mapatano, usinipunguzie sabuni kwa sababu ya chokaa."

Sikumbishia. Nilimpa hata mawese ya msimu uliokuwa haujafika, na watu wanaonijua hawajaacha kuuliza ilikuwaje.

Tangu hapo alikuwa akishuka asubuhi za soko. Alisimama nyuma ya ua wa mabua hadi nimwite kwa jina, ndipo aingie. Tulipima chumvi bila maneno mengi. Hakutaja msitu, nami sikuuliza. Siku alizochelewa niliacha mboga, nikaenda kwenye mfereji kutazama rangi ya maji. Yalikuwa yakishuka safi, kwa hiyo nilijua mikuyu imesimama. Habari za mwenye mikuyu maji hayakuwa nazo. Nilirudi kwenye ua, nikakaa na mfuko wa chumvi magotini, nikisikiliza njia.