Uso wa Bibi Harusi Si wa Kuokota

Saa nne asubuhi, katika chumba chenye pazia jeupe ukutani na feni inayolalamika, mama mmoja mpiga picha anaharibu picha nzuri kwa makusudi. Kwenye kompyuta, bwana harusi mwenye suti ya kijivu anatabasamu. Mama huyu anamwandikia jina la studio kwa herufi pana, nyepesi, kuanzia begani hadi kiunoni. Kisha anaipunguza picha hadi inafaa kutazamwa kwenye simu tu. Ukiichapisha, utapata ukungu mtupu.

Anaituma. Chai haijapoa, simu inalia.

"Dada, mbona jina lako limepita juu ya tai yangu?" bwana harusi analalamika.

"Lipite tu. Tai yenyewe umeazima," anamjibu. "Zako safi njoo uzichukue hapa studio, kwenye flashi, mkononi mwako. Za mtandaoni ndiyo hizo."

Mtaani wanamwita Cheka Kidogo, kwa kuwa ndivyo anavyowaambia wateja kabla hajabonyeza kamera. Mwenyewe siku hizi hacheki ovyo. Katika kila wateja kumi, wawili au watatu humkimbia kwa sababu ya hayo maandishi.

"Waende! Nimechoka kubembeleza watu ili niwalinde."

Kazi alifundishwa na mjomba wake enzi za filamu. Negativu zilikaa kwenye droo ya mjomba, na aliyetaka nakala alirudi kwake. "Leo picha inafika kwa watu usiowajua kabla bibi harusi hajavua shela," anasema. Naye alijiachia kama wenzake: akiposti picha kubwa, safi, na jina lake dogo la adabu kule pembeni chini. Jina la pembeni hukatwa kwa kidole kimoja.

Ndivyo lilivyokatwa mwaka jana. Alikuwa amempiga picha binti wa jirani yake siku ya harusi, na picha moja ikapendwa kila kona. Miezi michache baadaye uso wa binti ukatokea kwenye tangazo la krimu ya kung'arisha ngozi, tena mara mbili. Upande mmoja umetiwa giza na madoa, ukaandikwa "Kabla". Upande wa pili umepaushwa kama uliomwagiwa unga, ukaandikwa "Baada". Uso wa mtu huo, jamani!

Basi mtaa ukapata la kusema. Watoto wakamwita binti Kabla na Baada. Mama mkwe akauliza mwanawe ameoa rangi ipi kati ya hizo mbili. Binti akaja studio, akakaribishwa kiti, asikae.

"Shangazi, uso wangu umeuuza?"

Cheka Kidogo anapolisimulia hilo, macho yanamjaa maji. "Nilitamani ardhi ipasuke. Mtoto nimemwona akitambaa, leo ananiona mimi ndiye mwizi wake!"

Akafungua kompyuta palepale, akamwonyesha picha zote za dakika ile. Katika inayotangulia ile iliyoibwa, binti amefumba macho. Katika inayofuata, anapiga chafya. Hizo hana mtu mwingine duniani. Wakazichapisha kubwa, wakaongozana hadi duka la krimu.

Mwenye duka wala hakushtuka. "Mama, mimi nimeiokota mtandaoni. Kikishawekwa kule ni cha wote."

"Umeiokota?" Cheka Kidogo alipaza sauti, wanunuzi wakageuka. "Na nguo zangu za ndani nikizianika kambani, utapita uziokote?"

Duka zima likaangua kicheko. Tangazo likabanduliwa mlangoni, lakini mtandaoni bado linazunguka, ndiyo maana Cheka Kidogo na binti wakafungua kesi. Wiki iliyopita mwenye duka aliwatumia katoni mbili za krimu, eti wayamalize nyumbani.

"Krimu! Huyu mtu ana akili kweli?" Katoni ziko chini ya meza, hazijafunguliwa. Nazo zitakwenda mahakamani.

Hajidanganyi kwamba amepata dawa ya wezi. "Mtu akiamua, ataipiga picha hata skrini. Siwezi kumzuia. Ila kazi yangu safari hii akiiba, jina langu limekaa katikati ya kifua cha mteja. Alifute nimwone."

Kesi itasikilizwa mwezi ujao. Cheka Kidogo anataka tangazo liondolewe kote, na mwenye duka atamke mbele ya watu kwamba alichukua kisicho chake. Binti, ambaye leo naye yuko studio, ameketi kando yake, ana lake.

"Nitakwenda bila kupaka hata poda," anasema. "Nitasimama karibu na hilo tangazo lao. Hakimu aniangalie mimi, aziangalie na zile sura mbili, halafu amuulize yule baba mwenye duka: kati ya hawa watatu, ni yupi uliyemwomba ruhusa?"