Nusu ya Kila Mche

Kaka yangu alinikata nikiwa na kikapu mgongoni. Ilikuwa asubuhi, umande haujakauka, nami nilikuwa nachuma chai upande wa chini, karibu na barabara ya kwenda Sotik. Kama si kile kikapu, panga lingeingia kwenye uti wa mgongo. Liliparua kikapu, majani yakamwagika. Nilipogeuka likanipata mkono wa kushoto, juu ya kiwiko.

"Kufa tu," alisema, wala hakupaza sauti. "Ukikufa hii shamba inakuwa yangu yote. Ndiyo sheria."

Tulizaliwa wawili tu. Baba alipofariki, mahakama, kwa ridhaa ya Mama, ilituandika sisi wawili kwenye hati ya shamba, nusu kwa nusu. Kaka hakukubali. Nilikuwa nimeolewa Chebunyo, nikarudi nyumbani na binti yangu, na machoni pake mwanamke aliyerudi hana shamba. Kwanza aling'oa miche niliyopanda. Kisha nikamkuta mtamba wangu amelala zizini, amekatwa mishipa ya miguu ya nyuma, ananitazama tu. Mwishowe mlevi mwenzake akamwambia kwamba shamba likiwa na majina mawili, anayebaki hai hulichukua lote.

Nilianguka kati ya mistari ya chai. Miche imebanana pale, hakupata nafasi ya kuinua panga vizuri, akawa anakata matawi tu. Alipoinama nilimuuma kifundo cha mkono, nikang'ang'ania hadi damu yake ikanijaa mdomoni. Akanipiga ngumi za uso. Sikuachia.

Mama ndiye aliyemwangusha. Alikuja mbio na mpini wa jembe, akampiga mwanawe kichwani, kisha kwenye ule mkono wa panga, nami nikasikia mfupa ukivunjika. Alivua leso yake akanifunga mkono, huku kaka akigaagaa kando yetu.

Mkono ulipona, lakini vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Kaka alifungwa. Kesi ilipokwisha nilimwendea wakili mmoja Kericho, nikamuuliza kama yale maneno yalikuwa ya kweli.

"Kuna kumiliki pamoja kwa namna mbili," alisema. "Kuna wale wanaoshika ardhi kama mtu mmoja, mara nyingi mume na mke. Mmoja akifa, mwenzake anabaki na yote. Nyinyi si hivyo. Kila mmoja ana fungu lake. Ungekufa, lako lingemwendea binti yako."

"Na fungu langu liko upande gani?"

"Bado halina upande. Mpaka mgawanye, wewe una nusu ya kila mche, na yeye ana nusu ya kila mche."

Nilienda kumwona kaka gerezani. Nilitaka asikie kutoka kwangu, nimtazame akisikia. Alikuna mahali nilipomuuma.

"Kwa hivyo ningekuua bure," alisema.

Pole hakusema. Kama kusingekuwa na askari, ningemrukia shingoni. Niliondoka bila kumuaga.

Niliomba mahakama itugawanyie. Mpimaji akaja, akapanda mawe ya mpaka, mimi nikapewa upande wa chini, pale pale nilipokatwa. Nyumba ya Mama iliangukia upande wa kaka. Nilimwambia ahamie kwangu, chumba kipo tayari. Alikataa. Akaendelea kuchuma chai ya kaka na kuipeleka kwenye kituo cha kununulia chai pamoja na majirani, kana kwamba mwenyewe amesafiri tu.

Nilikasirika, nikakaa bila kumsalimia. Siku moja nikavuka mpaka nikamuuliza, "Mama, huyo si alitaka kuniua?"

"Alitaka," alijibu, mikono yake ikiendelea kuchuma. "Na mimi nilimvunja mkono. Sasa wewe unataka nifanye nini tena?"

Nilianza kuchuma mstari uliofuata, kwa ule mkono wangu mzima.